Yah: Gari Langu la Kijerumani Lililochafuliwa Jina

Ndugu Mhariri wa kurasa za Jumamosi,

Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu, na mimi sijawahi kupenda kazi yangu isomwe na mtu aliyesimama mlangoni. Ni mwalimu wa Hisabati mstaafu, mjane wa mwaka wa nne, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, watoto wawili na gari moja. Hilo gari ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki mbili zilizopita mwandishi wenu wa safu ya magari aliandika kwamba gari la Kijerumani la mwendo kasi, likishapita miaka kumi, "halitegemeki, halimfai mtu mzima, na litamwacha mwenyewe peke yake barabarani." Mwanangu, ambaye ni mwanasheria, aliyakata maneno hayo kwa mkasi, akaja kuyasoma sebuleni kwangu mbele ya dada yake na shemeji yake, kisha akaondoka na ufunguo. Hivi sasa ufunguo huo uko kwenye droo ya ofisi yake, chini ya mafaili ya watu wanaogombania mipaka.

Nataka ufunguo wangu. Mwanangu anasema ataurudisha siku gazeti litakapokanusha. Kwa hiyo naomba mkanushe, na sababu nazipanga kwa namba ili msije mkaruka hata moja.

1. Mwandishi wenu hajawahi kulikalia gari lenyewe.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikaa kiti cha abiria cha marehemu mume wangu. Alikuwa mtu mwema sana. Alikuwa pia akiendesha kilomita arobaini kwa saa kwenye lami tupu, na akiona mti kwa mbali anapunguza, asije akauona umebadili mawazo ukataka kuvuka. Alipofariki, gari lake alilichukua binti yangu, na mimi nikabaki na kiti cha mbao barazani.

Hili langu nililinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anahama. Ni la bluu iliyokolea kama wino, milango miwili, silinda sita, na turbo mbili ambazo nilidhani moja ni ya akiba. Aliponikabidhi ufunguo alitokwa na machozi. Nilifikiri ni majonzi ya kuachana nalo. Fundi wangu, baada ya kuufungua mfuniko wa injini, aliniambia huenda yalikuwa ya nafuu.

Siku ya kwanza nilikwenda nalo kwenye barabara ile iliyonyooka ya kuelekea kiwanja cha ndege, nikakanyaga mafuta. Gari lilivuta pumzi kwanza, nusu sekunde hivi, kama mtu anayekuuliza kama una uhakika. Kisha mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti na miwani ikanibana puani. Nilicheka peke yangu kwa sauti hadi mzunguko wa pili. Sikuwa nimecheka tangu msiba. Mwandishi wenu aeleze ni wapi kwenye jedwali lake la ubora na udhaifu ameweka nafasi ya jambo hilo.

2. Hajui maana ya neno "kutegemeka."

Kinachotegemeka ni kile unachoweza kukitabiri. Gari la jirani yangu limeharibika mara moja tu katika miaka sita, tena siku ambayo hakuna aliyelitarajia. Akachelewa ndege, na mpaka leo ukimgusia anabadilika sura. Hilo ndilo gari lisilotegemeka. Langu limezimika Alhamisi kumi na tisa kati ya Alhamisi ishirini na moja za kabla ya ufunguo kuchukuliwa, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mbele ya ghala la mbao. Alhamisi mbili zilizobaki, moja ilikuwa sikukuu ya kitaifa na nyingine nilikuwa na mafua. Nionesheni treni yenye rekodi hiyo.

3. Anazilaumu taa za dashibodi.

Ameandika kwamba magari haya "yanawasha taa kwa kila kisingizio." Ni kweli. Langu likiumwa hata sensa moja ya injini, linawasha taa ya njano, linalia mara tatu, na linaandika kwenye kioo kidogo kwamba halijisikii vizuri na lingependa kupelekwa kwa mtaalamu. Mume wangu aliumwa moyo miaka mitano na hakusema neno. Ningeuliza, angejibu ni gesi tu, imekaa vibaya. Nilikuja kujua kwenye korido ya hospitali, kwa daktari ambaye hakujua hata jina langu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kitu kinachosema ukweli kuhusu hali yake kina kasoro.

4. Kuhusu fundi.

Anaitwa Profesa, kwa sababu hashiki spana kabla ya kuunganisha kompyuta na kuitazama kwa kimya cha robo saa. Kila Ijumaa ananiambia hivi: "Mwalimu, mimi sioni tatizo." Naomba mwandishi wenu alitafakari jambo hilo. Magari ya wengine yana matatizo ya kawaida yanayoonekana na kila mtu. Wajerumani wametengeneza tatizo la kiwango cha juu kiasi kwamba hata kompyuta yao wenyewe hailioni.

5. "Litamwacha mwenyewe peke yake barabarani."

Hapa ndipo niliposhindwa kumaliza chai yangu.

Tangu niwe na gari hili sijawahi kuwa peke yangu barabarani. Kabla yake niliweza kukaa siku nne bila kuambiwa neno na mtu zaidi ya muuza maziwa. Sasa wabeba mbao wote wa ghala lile wananijua. Karani wao ananitolea kiti. Polisi wa barabarani husimama kuniuliza habari za nyumbani. Na yupo Winchi.

Winchi ndiye mwenye lori la kuvuta magari. Kila mtu anamwita hivyo, nadhani hata mama yake alimwita hivyo. Siku ya kwanza alishuka kwenye lori akanisalimia, "Habari yako mama," nikamwambia mimi ni Mwalimu. Tukabishana kidogo nani amwamkie nani, tukatajiana miaka, ikaonekana amenizidi miwili. Nikamwamkia. Akalizunguka gari polepole, mikono mgongoni, kama mtu aliyeenda kuona mgonjwa, akauliza, "Mwalimu, hili limekufa au limelala?"

Nikasema limelala.

"Basi tusiliamshe vibaya," akasema, akaanza kulifunga taratibu.

Ndugu Mhariri, watu wote walioliona gari langu limesimama waliniambia neno moja: uza. Wanangu waliniambia uza. Jirani, uza. Mchungaji wa mtaa wa pili, ambaye hata si wa dhehebu langu, alishusha kioo akasema uza. Winchi hajawahi. Ameniambia tu kwamba gari zuri likisimama, bado ni zuri.

Lori lake lina miaka thelathini na tatu na halijawahi kuharibika hata mara moja. Hili nalitaja kama udhaifu. Kwa miaka yote hiyo halijamkutanisha na mtu yeyote. Watu anaokutana nao, amewapata kwa magari ya wengine. Mkewe alifariki mwaka mmoja kabla ya mume wangu. Tangu hapo, anasema, redio ya lori ndiyo aliyokuwa akiongea nayo, na redio ikaharibika.

Kutoka ghalani hadi gereji ni dakika kumi na mbili kwa gari langu. Kwa lori lake ni dakika hamsini, maana haliendi zaidi ya kilomita thelathini kwa saa. Huwa ana chupa ya chai na vikombe viwili. Siku moja aliniuliza kwa nini waya wa winchi unavuta vizuri zaidi ukiupunguzia pembe kidogo, nikashuka na chaki niliyokuwa nayo kwenye mkoba, nikamchorea pembetatu kwenye mlango wa lori. Mpaka leo hajaifuta. Anaosha lori lote, mlango ule anauruka.

Hayo ndiyo mateso ya barabarani ambayo mwandishi wenu anawaonya wasomaji.

6. "Halimfai mtu mzima."

Nafikia jambo lililowaudhi wanangu hadi wakaitisha kikao. Mwezi uliopita shule niliyofundisha ilinialika kuwa mgeni rasmi siku ya kugawa zawadi. Kulikuwa na zawadi mpya ya Hisabati, yenye jina la mume wangu, ambaye naye alifundisha pale. Wanangu walisema watanifuata nyumbani. Nikasema hapana, nitaendesha mwenyewe. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Nilifika nimechelewa dakika arobaini, nimekaa kwenye kabini ya lori, na gauni la hariri, gari langu likiwa mgongoni mwa lori kama bibi harusi aliyebebwa. Winchi aliingia nalo getini taratibu, akapita katikati ya mahema, akasimama mbele ya meza kuu kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kugeuzia. Akashuka, akavua kofia, akanifungulia mlango akanipa mkono. Wanafunzi mia sita walisimama. Nimefundisha pale miaka ishirini na tisa na sijawahi kupigiwa makofi ya namna ile, hata siku nilipofuta mtihani wa Jumatatu.

Binti yangu aliinamisha uso. Mwanangu alijifanya anaongea na simu. Mimi nilitoa zawadi, nikalitaja jina la mume wangu kwenye kipaza sauti bila sauti yangu kukatika, jambo ambalo kwa wiki nzima nilihofia kwamba sitaliweza. Nilipotazama mbele, Winchi alikuwa amesimama kando ya lori, kofia kifuani, anasikiliza kana kwamba alimfahamu.

Lingemfaaje mtu mzima zaidi ya hapo?

7. Kikao.

Kilifanyika Jumapili iliyofuata. Mwanangu alisoma gazeti lenu kama anayesoma hukumu. Binti yangu, ambaye ni mfamasia na ana moyo laini, alisema, "Mama, tunaogopa siku moja litakuzimikia mahali pabaya, na hutakuwa na mtu." Nikamwambia nina namba ya mtu. Wakatazamana. Mkwe wangu akakohoa. Ufunguo ukachukuliwa kutoka kwenye kikapu cha matunda, na mimi, mwenye gari, nikaulizwa kama ninataka juisi.

Kwa hiyo nadai yafuatayo: mwandishi wenu aombe radhi kwa gari, kwa rangi yake na kwa silinda zake sita, mchapishe kwamba gari la Kijerumani la mwendo kasi linategemeka kuliko ndugu, na nakala yenye muhuri ipelekwe ofisini kwa mwanangu. Mkikataa, nitaandika tena kila wiki. Nimestaafu, nina muda, na mwandiko wangu ni mdogo.

Nisalimie wahariri wasaidizi, wapiga chapa, mlinzi wa geti anayepokea barua, na dada wa mapokezi aliyenijibu vizuri kwenye simu nilipopiga kulalamika mara ya kwanza. Msalimie hata huyo mwandishi. Kama ana mama, mwambie ampeleke mahali siku moja, kwa kasi.

Wako katika kudai haki,
Mwalimu wa Hisabati (mstaafu),
nyumba yenye geti la kijani.

Baada ya sahihi: Barua hii niliimaliza jana Jumatano nikaiacha mezani ikauke. Leo asubuhi Winchi amekuja hapa nyumbani bila kuitwa, na lori. Amenikuta barazani. Sikuwa na gari la kuvutwa, nikamwambia hivyo. Akaketi, akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, nipe hiyo fyuzi."

Inanipasa niwaeleze. Tatizo la gari langu lilikuwa bomba moja la plastiki lililopasuka, na Profesa alilibadilisha mwezi ule ule wa kwanza. Tangu hapo halijaugua hata mafua. Kila Alhamisi nimekuwa nikisimama mbele ya ghala la mbao, nazima injini, nachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, ambayo bila yake gari haliwaki, naiweka kwenye pochi, kisha napiga simu. Pale gereji nairudisha kabla Profesa hajafungua kompyuta. Siku ya zawadi niliichomoa pia, gari likarudishwa moja kwa moja nyumbani, na ufunguo ukachukuliwa kabla sijairudisha. Sikutaka kuingia pale peke yangu, wala kuletwa na watoto kama mzigo.

Nilimuuliza Winchi amejua lini. Akasema Alhamisi ya pili. Mtu aliyevuta magari maisha yake yote analijua gari lililoharibika na lililochomolewa kitu. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema," akajibu, "ungenipigia simu kwa sababu gani?"

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mwandishi wenu amekosea, ila sababu zangu zote saba si za kweli, na naomba msichapishe hata moja. Ufunguo mwanangu anaweza kukaa nao mpaka Jumatatu. Fyuzi ameondoka nayo Winchi, kwenye mfuko wa shati, na amesema atairudisha Jumapili saa kumi. Naenda kutafuta vikombe.