Viti Thelathini vya Kanisa kwenye Kambi ya Bremmer

Jumatatu, 7 Julai

Hatimaye! Jana baada ya ibada, watu wakinywa kahawa, mama mkwe Agda aligonga kikombe kwa kijiko akatangaza kuwa mwaka huu uwanja wa kambi ya familia nitachagua mimi. Mimi, Norval Tjaden! Nina miaka ishirini na miwili tangu nimwoe bintiye, na miaka yote hiyo mchaguzi alikuwa shemeji yangu Verlyn. Mwaka jana Verlyn alituweka karibu na mabanda ya nguruwe. Ijumaa upepo ulitoka kusini, hatukunusa kitu. Jumamosi ukageuka. Kuna watu hawakula siku nzima.

Agda alisema mbele ya wote: nikipatia, kazi ni yangu daima. Nikiharibu, inarudi kwa Verlyn. Na Verlyn keshatuambia atatupeleka wapi. Uwanja mpya kando ya barabara kuu, sakafu ya saruji, kila karavani na bomba lake, mahema marufuku. Marufuku! Mimi ni mtu wa hema. Nikilala chini ya turubai nikausikia upepo unavyopita kwenye nyasi, maili na maili bila kugonga kitu, roho yangu inatulia. Kwingine kokote haitulii hivyo.

Marlys, mke wangu, ameniomba nichague tu kama watu wengine wanavyochagua, nisilete ujanja. Nimemwambia sijui anazungumzia nini.

Jumanne, 8 Julai

Siku ya ukaguzi. Nimetoka shambani asubuhi na vifaa vyangu: kitambaa cha mkono cha kupimia upepo, yai la kuchemsha la kupimia mteremko, na pua yangu mwenyewe kwa ajili ya vyoo. Tunahitaji nafasi sita zilizoungana, tatu za karavani na tatu za mahema, Ijumaa mpaka Jumapili.

Uwanja wa kwanza, ziwani. Pazuri mno. Nimeweka yai chini, likabingirika hadi majini. Nimelifuata, nikarudi na mbu wa wilaya nzima. Nimepafuta.

Wa pili, katikati ya alizeti. Tambarare safi, yai halikutikisika. Lakini hakuna mti hata mmoja. Nimekishika kitambaa juu kidogo tu. Sasa hivi huenda kiko Minnesota.

Wa tatu sikuuwaza kabisa, nimesimama kwa sababu ya njaa. Uwanja wa mji wetu wenyewe, Bremmer, nyuma ya ghala refu la nafaka! Nafasi kumi zimepangwa nusu duara, zinatazama kati. Mipopla mirefu upande wa kaskazini na magharibi, iliyopandwa na wazee ili kukata upepo. Soketi za umeme zinafanya kazi. Chooni mtu ameweka maua kwenye kopo! Yai limetulia. Nimelila hapohapo. Kwa nini watu huendesha nusu siku kutafuta kitu kilichopo nyuma ya ghala la mahindi yao? Nimejiuliza njia nzima mpaka nyumbani.

Kasoro moja. Uwanja hauna mambo ya kuweka nafasi mapema. Anayetangulia ndiye anayepata. Na wikiendi ya katikati ya Julai Dakota Kusini yote iko barabarani.

Jumatano, 9 Julai

Nimeamka na jibu. Kiti!

Hapa kwetu kiti kikiwekwa mahali, mahali hapo pana mwenyewe. Siku ya gwaride watu hupanga viti vyao kando ya barabara siku mbili kabla, wakaenda zao, na hakuna anayevigusa. Hata mlevi huvizunguka. Nikiweka viti leo, uwanja ni wetu mpaka Ijumaa.

Lakini nyumbani nina viti viwili tu vya kukunja, na kimoja kina tundu. Kanisani, chini, kuna viti thelathini vya chuma, kila kimoja kina jina la kanisa kwa rangi nyeupe mgongoni. Na ufunguo ninao, kwa kuwa ndimi ninayekata nyasi za pale. Huku si kuiba. Huku ni kukopa bila kusumbua watu. Na nani atathubutu kusogeza kiti cha kanisa?

Nimeweka vitatu kila nafasi, nafasi zote kumi. Kwa nini kumi na sisi tunataka sita? Kwa sababu jirani wa kambini humjui mpaka awashe redio. Nilikuwa nanyoosha cha mwisho, king'ora cha mji kikalia cha saa sita mchana. Kinalia kila siku tangu nizaliwe. Leo niliruka.

Alhamisi, 10 Julai

Inafanya kazi! Nimekaa kwenye gari upande wa pili wa barabara nikitazama. Karavani kubwa yenye namba za Texas imezunguka uwanja mara mbili, imeona viti, imeondoka. Magari ya hapa yanapunguza mwendo, madereva wanavitazama viti, wananiinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu yetu ya barabarani, wanapita. Mbona wanapunguza mwendo wote?

Saa kumi akaja Ardis, mkuu wa jiko la kanisa. Alisimama akavitazama viti vile, nusu duara nzima, vinatazama kati. Nikaomba ardhi ipasuke. Nieleze jambo moja kuhusu watu wetu: hawaulizi. Ukiuliza kuna nini, umekiri kwamba Jumapili tangazo lilipotolewa wewe ulikuwa unasinzia. Ardis hajawahi kusinzia popote. Kwa hiyo hakuuliza kuna nini. Alisema tu, "Jumapili saa ni ile ile, Norval?"

Nikasema, "Ile ile."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua siku zote. Akataka kujua alete birika kubwa au yale mawili madogo yatatosha. Nikasema lile kubwa halina ubaya. Akaenda.

Sasa najiuliza: ile ile ipi?

Ijumaa, 11 Julai

Familia imefika. Verlyn alirudisha nyuma karavani yake ya futi thelathini na sita, na kama kawaida wanaume wote walitoka, wakasimama mikono kifuani, wakatazama. Mara saba! Aligonga nguzo ya maji, kidogo tu. Mmoja akasema sio mbaya. Hiyo kwetu ni sifa.

Agda ameteremka, ameitazama mipopla, amevua viatu akatembea kwenye nyasi, mama wa miaka themanini na sita. Akasema kuwa Norval ana macho. Ana macho! Nimeliandika ili nilisome wakati wa shida. Verlyn alisikia. Akaja kulitazama hema langu nikilisimamisha, akaniambia, "Shemeji, hicho kitu ukikiacha nje kuku wataingia kutaga." Nikamwambia angalau hakinuki nguruwe. Marlys akatutuma wote wawili tukachote maji.

Kuhusu viti, Verlyn alisema, "Viti vizuri." Nikasema, vizuri. Hakuuliza. Asante kwa malezi ya watu hawa.

Nilipanga kurudisha viti jioni. Lakini Ardis alipita tena, akanionyesha kidole gumba. Ningeviondoaje sasa?

Jumamosi, 12 Julai

Balaa limepata miguu.

Asubuhi wamekuja wanaume wawili na meza kumi na mbili, wakazipanga katikati. Wakasema wameona waje mapema. Nikasema vyema. Mmoja alinitazama kwa pembe ya jicho na kusema siku kama hii haitokei kila mwaka, kisha akasubiri. Nikagundua ananichunguza nimpe dokezo! Nikasema kweli, haitokei.

Mama mmoja anaamini ni miaka mia ya kanisa. Mwingine anasema miaka mia ilishapita. Mwenye duka la vifaa ameambiwa ni kumbukumbu ya mtu, naye amevaa tai nyeusi, tayari, siku moja kabla. Kila mmoja ananinong'oneza dhana yake kama vile ananithibitishia, na mimi nawakubalia wote. Nitafanyaje? Kukataa ni kueleza, na kueleza ni kufika kwenye viti.

Nimemwendea Ardis nikiwa nimeamua kusema ukweli wote. Nimemkuta ameshika keki kubwa nyeupe isiyo na neno hata moja juu yake. Bomba la sukari ya rangi limo mkobani. Alisema maandishi ataweka mwishoni, yakikaa huyeyuka. Alikuwa ananitazama mdomo. Yaani naye hajui! Ardis! Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza maishani. Nikamwambia keki nyeupe ina heshima yake.

Marlys ameniuliza hawa watu wote wanataka nini. Nikamwambia ni ukarimu wa mji. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Jumapili, 13 Julai

Saa tatu na nusu, saa ya ibada, ndiyo ile ile. Sasa najua.

Wamekuja wote. Watu zaidi ya tisini, na vyakula: viazi vya kuoka na nyama, saladi kumi na nne za viazi, jeli ya kijani yenye karoti ndani, pai za rubabu, ule mmea mchachu. Mchungaji alienda kanisani, akakuta mlango umefungwa, akafuata magari. Bila shaka alidhani baraza la kanisa liliamua bila yeye, na yeye pia ni mtu wa hapa. Hakuuliza. Alisimama katikati ya nusu duara akaomba baraka "kwa shughuli hii ambayo sote tunajua maana yake." Watu tisini wakasema amina kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kuisikia.

Na ilikuwa nzuri! Lazima niandike. Upepo ulitulia, wakaimba wenyewe bila kinanda, kisha watu ambao hawajaongea tangu mgogoro wa mpaka wa shamba wakakaa meza moja wakipeana chumvi. Agda alilia. Alisema hajaona kambi kama hii tangu mumewe alipokuwa hai. Hii ni yangu, nikasema. Hii nimeifanya mimi.

Ndipo mchungaji akaomba aliyeandaa haya yote asimame tumshukuru.

Nilikuwa nimeshainuka nusu. Halafu nikamwona Ardis amepindua kiti, anasoma jina la kanisa mgongoni, midomo inacheza, anahesabu jambo kichwani. Nikakaa.

Verlyn akasimama. Alikuwa anaifuata pai, mbele za Mungu, sahani ilikuwa mkononi! Watu wakapiga makofi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nikamsubiri akatae. Sekunde moja tu ilitosha kukataa. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, jambazi yule, akakata pai.

Agda alimbusu mashavu yote mawili. Akagonga kikombe kwa kijiko. Uwanja atauchagua Verlyn mpaka yeye Agda azikwe, na asisikie tena habari ya nguruwe. Norval naye ana macho, akaongeza, ila macho hayatoshi. Verlyn akashukuru, akawaambia wote tuonane Julai ijayo kwenye saruji. Ardis akachukua bomba, akaandika kwenye keki: ASANTE VERLYN. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Nilimweleza Marlys kila kitu nyuma ya hema. Alicheka mpaka akashika kigingi. Nilipomwambia hema letu limeisha, aliacha kucheka, akaniambia taratibu kwamba kwa miaka ishirini na miwili amelalia kokoto kwa ajili yangu, na mwaka ujao atalala kwenye godoro la kaka yake, nisimtarajie alie. Sikujua. Hakuwahi kusema. Imeniuma kuliko makofi aliyopigiwa Verlyn.

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudisha viti. Ardis alinikuta mlangoni, akanisifu kwa kumsaidia Verlyn kazi za chini. Nikasema karibu.

Mchana sikuweza kufanya lolote. Nilikaa jikoni nikalichukua karatasi la masharti la uwanja wa saruji, lile alilogawa Verlyn jana kwa kila familia. Nimelisoma mara tatu. Ajabu, neno hema halimo. Linasema tu kila makazi lazima yawe na magurudumu manne, sakafu ngumu, na yavutwe na gari.

Nimejiuliza: mkokoteni wa majani makavu una nini? Magurudumu manne. Sakafu ya mbao. Unavutwa. Turubai linaweza kupigiliwa misumari juu yake, na ndani godoro linaingia, kubwa hata kuliko la Verlyn! Marlys atalala vizuri, na mimi nitausikia upepo. Hakuna mtu aliyewahi kulifikiria hili.

Sina mkokoteni. Jirani anao, wa kijani, mzuri sana. Amekwenda kwa binti yake mpaka Alhamisi. Namba yake ya simu ninayo, lakini kwa nini nimsumbue mtu akiwa mapumzikoni? Ghala lake halina kufuli. Nakwenda kupima tu, na nitabeba misumari michache, endapo vipimo vitakubali.