Uzinduzi wa Sistimu ya Kuita Wagonjwa

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, waheshimiwa wajumbe mlioketi kwenye viti vyenye mito, wakuu wa vitengo, manaibu wao na manaibu wa manaibu, na ninyi wagonjwa wapendwa mliojaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, salamu zangu ziwafikie nyote, kila mtu kwa ngazi yake. (Makofi kutoka viti vyenye mito.)

Leo mimi, mkurugenzi wa hospitali hii, nazindua Sistimu ya Kidijitali ya Kuita Wagonjwa, ambayo kwayo, kuanzia sasa, hakuna daktari atakayemwona mtu mpaka namba yake itokee kwenye skrini ile, na tathmini niliyojifanyia mwenyewe inaonyesha ufanisi wa asilimia mia moja na kumi. (Mama mmoja: "Baba, mtoto anaungua homa!") Subira, mama. Subira huvuta heri.

Mtaniuliza, inafanyaje kazi? Elimu haina mwisho, ndugu zangu. Ndani ya kompyuta mna kitu kiitwacho methodi, nayo ni kama karani: kupanga foleni inajua, kuwapitia watu mmoja mmoja inajua, ila cha kumfanyia kila mmoja haijui mpaka uikabidhi kipande cha maelekezo, ndipo itakitekeleza kwa kila aliye kwenye foleni. Na mimi, kwa uzalendo nilionao, kipande hicho nilimkabidhi naibu wangu, naibu akamkabidhi katibu, katibu akamkabidhi fundi wa kompyuta, fundi akaikabidhi methodi, bila kipande kudondoka hata mara moja! (Naibu anasimama, anawainamia watu.) Fundi, washa! (Skrini inawaka. Nyeupe pe.)

Mbona kimya? (Fundi ananong'ona.) Paza sauti, hapa hatuna siri. ("Mheshimiwa, imeshamaliza foleni yote. Imetekeleza kipande kama kilivyoletwa, na ndani hamkuwa na kitu. Nilidhani ndivyo mlivyotaka.") Naibu? ("Mimi nilidhani umeandika wewe, bosi.") (Kicheko mabenchini.) Tulieni! Kutokufanya kitu kumetekelezwa kwa kila mgonjwa, bila upendeleo!

(Daktari anafungua mlango. "Dada, njoo, lete mtoto." Mama anaingia mbio. Mabenchi yote yanashangilia.)

Mmeona wenyewe? Mpiga picha, usiikose hiyo! Mgonjwa wa kwanza wa sistimu! Sistimu juu! (Naibu peke yake: "Juu!") Juu zaidi! Naishukuru bodi kwa kuniamini, nawashukuru wagonjwa kwa kuvumilia, na kipekee namshukuru daktari kwa kuusaidia mradi huu, ambao umepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni mradi wenyewe.