Risala Iliyoanzia Bonde la Ufa

Jumatatu, 7 Oktoba 1985

Dukani leo: chumvi, viberiti, inzi na mimi. Sukari haijaja. Sabuni haijaja. Khanga tumeshasahau zinafananaje. Karani wa duka la ushirika lisilo na bidhaa ana faida moja tu, nafasi ya kufikiri. Nimefikiri.

Wagombea ubunge wanakuja hapa Maisaka Jumatano ya wiki ijayo. Wote wawili, ndani ya Landrova moja, kama utaratibu wa Chama unavyotaka. Mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Majina wanayo, ila mtaani wanaitwa Ndugu Jembe na Ndugu Nyumba, basi. Wanafuatana na afisa wa maji. Na Mzee Shomari, mwenyekiti wetu wa tawi, amesikia kwamba afisa huyo amebeba vipuri vya pampu ya mkono. Seti moja! Imepatikana Arusha kwa mbinde. Pampu yetu imekufa tangu Kwaresima. Ya Singe imekufa vilevile. Vipuri vitabaki kwa watakaoeleza shida yao kwenye risala.

Risala! Nani Maisaka nzima ana mwandiko kama wangu? Nikaona nisichelewe. Nimemwendea Mzee Shomari na boksi la viberiti, la mwisho dukani. Nikamwamkia shikamoo ya adabu kubwa. Akaitikia marahaba, akapokea viberiti, akasema kazi ilikuwa yangu tangu jana kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Viberiti hakurudisha.

Jumanne, 8 Oktoba

Paskalina amefurahi. Mke wangu, mama wa Kandida wetu, hafurahi ovyo. Tangu pampu ife wanawake wa mtaa wetu wanateka ziwani, na ziwani kuna viboko. Mwezi uliopita kiboko alimkimbiza jirani yetu Mwamvita. Mwamvita alipona, ndoo ikakanyagwa ikawa sahani. Ndoo mpya haipatikani hata kwa dawa. Sasa anachotea maji kwenye sufuria ya pilau, nusu yanamwagikia njiani, na ni mjamzito, tumbo liko mbele kabisa.

Paskalina akaniambia nisihangaike, risala iwe fupi. Kwamba pampu imekufa, maji tunateka kwa viboko, na Mwamvita atakuja kuzaa njiani. Akasema hiyo inatosha.

Nilicheka kwa upole. Nikamwelimisha. Risala ina mpangilio wake: salamu, historia ya jimbo, jiografia ya jimbo, mafanikio, ndipo matatizo, ndipo maombi. Huwezi kuingia kwa mtu ukaomba chumvi kabla hujapiga hodi. Akauliza hodi yenyewe itakuwa ya muda gani. Maswali mengine mtu hajibu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Karatasi hakuna mji mzima. Nimechana mifuko ya saruji iliyokuwa stoo, zile karatasi za ndani, nikakung'uta vumbi. Nimepiga chafya asubuhi nzima. Ila karatasi ni ngumu, za kiume. Karatasi ya nakala pia hakuna, kwa hiyo risala ni moja tu duniani. Nitailinda.

Leo historia. Nilitaka kuanzia mwaka 1961 kama kila mtu. Nikajiuliza: na kabla yake? Nikarudi kwa Wajerumani. Na kabla yao? Nikarudi kwa babu yangu, aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka nyanda za juu za Mbulu. Hapo nilisita kidogo. Je, babu yangu ni historia ya jimbo? Nikaona ni historia. Nimempa ukurasa.

Halafu likanijia jambo. Babu alilipa kodi Mbulu. Baba aliandikwa mtu wa Hanang. Mimi sasa naambiwa ni mtu wa Babati. Na nyumba ni ileile! Mwarobaini ni uleule, kaburi la babu liko nyuma ya zizi palepale. Mpaka ndio uliotembea, sisi tumekaa. Wakubwa wanakunja ramani na kuikunjua, na mtu analala huku anaamka kule bila kutoka kitandani. Nikahisi uchungu fulani, sijui wa nini. Nimeuandika wote, kurasa mbili.

Paskalina aliporudi na maji aliuliza kama nimefika kwenye pampu. Nikamwambia nimefika kwa Wajerumani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jiografia haiandikwi mtu ameketi. Nimefunga duka (hakuna aliyegundua) nikapanda mteremko wa Kwaraa. Jasho! Viatu vyangu vya matairi vimekatika gidamu moja.

Lakini, jamani, nchi hii! Nilikuwa sijawahi kuiona yote kwa pamoja. Ziwa limelala limetulia. Barabara ya Arusha na Dodoma nyeupe kwa vumbi, na lori moja tu, maana dizeli ni shida. Mashamba ya Sigino yamekauka yanangoja mvua. Singe upande ule, mabati machache. Na Maisaka yetu, ndogo, naweza kuifunika kwa kiganja. Nikawaza kwamba mbunge ni mtu aliyepewa jukumu la kupenda yote haya kwa pamoja, na sikuona nani anaweza. Machozi yalinilenga. Sioni haya kusema.

Kutoka ziwani kulikuwa na msururu wa wanawake na vyombo vyao kichwani, wadogo sana, wanapanda taratibu mmoja nyuma ya mwingine. Ilipendeza mno. Nimeiandika: "Wakazi wa jimbo huonekana wakipanda na kushuka kwa utaratibu mzuri." Nimeiweka kwenye jiografia, chini ya mandhari.

Jioni nilimsomea Paskalina. Akasikiliza. Akauliza kama nilimwona yeye pale kwenye mwinuko, alipotua ndoo akakaa chini kupumzika. Nikamwambia ukweli: kutoka kule juu mtu aliyepumzika haonekani.

Alikwenda kuchambua mboga.

Jumatatu, 14 Oktoba

Upelelezi. Nimesikia risala ya Singe inaandikwa na Cornel, fundi baiskeli. Cornel! Mtu ambaye shuleni aliambiwa achore ramani ya Afrika akachora kiazi. Lakini adui usimdharau. Nikapanga nimtembelee kama mteja. Nikatoboa gurudumu langu mwenyewe kwa msumari, nikaikokota baiskeli hadi Singe.

Cornel amenipokea vizuri, akaniletea kigoda. Risala yake ilikuwa imechomekwa ukutani kwenye msumari, palepale, hadharani. Karatasi moja! Mistari minne! Nikajua ni salamu tu, bado hajaanza. Maskini. Nilimwonea huruma kweli. Nikampa ushauri wa bure kwamba historia aanzie mbali. Akanishukuru, akasema yeye hana mambo mengi.

Kuhusu gurudumu, akasema gundi ya viraka haijaonekana tangu Pasaka. Nimeikokota baiskeli hadi nyumbani. Potelea mbali. Vita vina gharama.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemaliza. Kurasa kumi! Jana nilipokuwa nakokota baiskeli niligundua kwamba hata babu hakuwa mwanzo. Kwa nini babu alishuka? Kwa sababu kuna mteremko. Kwa nini kuna mteremko? Bonde la Ufa! Ardhi yenyewe ilipasuka ili sisi tupate jimbo. Kwa hiyo risala inaanzia hapo. Matatizo yako ukurasa wa tisa, maji peke yake, na nimeyaandika kwa herufi kubwa nikapiga mstari chini. Maombi ukurasa wa kumi. Asiniambie mtu nimesahau pampu.

Mzee Shomari amepita kukumbusha kwamba risala ni dakika tano. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema kobe naye alisema hivyohivyo, mpaka moto wa nyika ukamkuta njiani. Mzee huyu ana methali za kwake.

Jumatano, 16 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Watu walijaa. Mwamvita aliletewa kiti, mbele. Ndugu Jembe na Ndugu Nyumba walikaa benchi moja, magoti yanagusana, na afisa wa maji pembeni. Nilivaa koti la harusi.

Salamu zilikwenda vizuri. Bonde la Ufa lilisikilizwa kwa makini, isipokuwa wale waliozungumza. Kwenye babu, Ndugu Nyumba alitazama saa. Kwa Wajerumani, Ndugu Jembe alisinzia. Nilipofika kwenye mpaka unaotembea nilisoma kwa hisia, sauti ikatetemeka, na Mungu ni shahidi wazee wawili walitikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo Mzee Shomari akanivuta koti. Nikaongeza mwendo. Akavuta tena. Nilikuwa ukurasa wa sita, juu ya Kwaraa, wanawake wanapanda na kushuka kwa utaratibu mzuri, dereva akapiga honi. Singe walikuwa wanawangoja.

Watu wakapiga makofi. Makofi yakishapigwa, risala imekwisha, kila mtu anajua.

Mzee Shomari akaninong'oneza haraka nimkabidhi mgeni, atasoma mwenyewe njiani. Ni kweli, desturi ndiyo hiyo, risala hukabidhiwa. Ndugu Jembe alikwisha kunyoosha mkono. Afisa wa maji naye aliuliza kama humo mna chochote kuhusu maji. Nami nikaikumbatia! Sijui nilipatwa na nini. Yaani najua. Ilikuwa moja tu duniani. Niliona kama naiona Landrova inaondoka na babu, na ziwa, na mpaka, na mimi nabaki sina hata mstari. Nikasema nitanakili kwanza, nitawaletea safi. Ndugu Jembe akarudisha mkono mfukoni. Paskalina alipaza sauti kutoka nyuma, akataja pampu, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza na injini imeshawaka.

Mwamvita alibaki kwenye kiti chake. Alinitazama tu, bila hasira. Bora angenitukana.

Alhamisi, 17 Oktoba

Habari za Singe zimefika kabla ya jua kuchomoza vizuri. Cornel alisoma mistari yake minne: karibuni, pampu yetu imekufa, tunaomba vipuri, asanteni. Akaikabidhi karatasi kwa mikono miwili. Afisa wa maji akafungua nyuma ya Landrova papo hapo. Fundi akafunga vipuri wakati Ndugu Nyumba bado anahutubia. Maji yalitoka hotuba haijaisha, na umati wote ukamhama mgombea ukaenda kwenye pampu.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, ya kushindwa kula. Nilimwambia Paskalina nimekosa. Akasema anajua. Akauliza kama nitampelekea afisa karatasi yangu. Nimeikokota baiskeli hadi ofisini kwake mjini. Wamesema ameshatoka kuzunguka kata zilizobaki na vipuri vingine havitegemewi mwaka huu.

Sasa wanawake wetu wanateka Singe. Ni mbali kuliko ziwani, lakini hakuna kiboko. Wa Singe hawawazuii. Wanawasogeza mbele ya foleni, wakiulizana kwa sauti kama hawa ndio wale wa Bonde la Ufa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mwamvita amejifungua. Njiani, kwenye barabara ya Singe, kama Paskalina alivyosema. Paskalina ndiye aliyempokea mtoto, chini ya mgunga, kwa maji ya ndoo yake mwenyewe. Mtoto wa kike, mzima, ana mapafu ya mhutubu. Mama naye salama. Alhamdulillahi na Tumsifu Yesu, mtaa mzima umeshukuru kwa lugha zote mbili.

Nilikwenda kumpa pole na hongera, na fungu la chumvi. Mwamvita aliipokea, akanionyesha mtoto. Nilimwomba radhi. Akasema yamepita, Baba Kandida, kesho nisaidie kubeba maji. Nilitoka pale nikalia kidogo nyuma ya zizi, karibu na babu.

Jumapili, 27 Oktoba

Uchaguzi. Nimepiga kura baada ya misa. Jembe au nyumba? Nilisimama kwenye kile kijichumba muda mrefu mpaka msimamizi akakohoa. Nilimchagua Ndugu Jembe, kwa kuwa alinyoosha mkono.

Nilipotoka nilikuwa nimetulia moyoni, na katika utulivu huo nikaona kosa langu lilipokuwa. Niliona wazi kabisa! Risala yangu haikuwa ndefu. Ilikuwa haijakamilika. Watu hawakushikwa kwa sababu niliruka kutoka Bonde la Ufa hadi kwa babu kwa hatua moja, na ndani ya hatua hiyo kuna mambo. Ziwa lilitoka wapi? Viboko waliingiaje? Na sasa kuna jambo jipya la historia, mtoto aliyezaliwa barabarani, ambalo litahitaji ukurasa wake. Uchaguzi mwingine ni mwaka 1990. Nikianza leo nitawahi.

Tatizo ni karatasi. Saruji haiji, kwa hiyo mifuko haiji. Nikakumbuka kwamba risala ya zamani ina mgongo mtupu. Nimeitoa chini ya godoro nikahesabu. Kurasa tisa. Mmoja haupo!

Nimetoka nje kuuliza. Paskalina alikuwa amerudi Singe, anaingia uani na ndoo kichwani, amechoka, vumbi hadi magotini. Kati ya kichwa na ndoo alikuwa ameweka ngata, maana khanga ya kuzungushia haipo siku hizi. Ngata ya karatasi ya saruji, imekunjwa vizuri. Kwa pembeni niliona herufi zangu kubwa zenye mstari chini: MATATIZO. MAJI.

Nikamuuliza kwa nini ameuchukua huo. Akasema kwa kuwa ndio wa maji, na haukuwa umetumika.

Alisimama pale akingoja nimtue. Nami nikamwomba, kwa upole kabisa, asiinamishe kichwa kwanza, kwa sababu ndoo imejaa, na maji yakimwagika yataharibu upande wa nyuma, ambao ninauhitaji.