Maskini Namba Moja wa Bonde la Neema

Usharika wa Bonde la Neema, Elerai, unapenda kuwatangazia waumini wote kwamba, kuanzia Jumapili ya leo, umaskini utafanyika kwa utaratibu.

Tangazo hilo lilisomwa na Mzee Kaanaeli, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa kila kitu kanisani kinachohitaji mwenyekiti. Alilisoma mara mbili, maana mara ya kwanza kipaza sauti kilikoroma. Umaskini wa kiholela, alisema, umepitwa na wakati. Watu wamekuwa maskini kienyeji mno, bila barua, bila namba, kila mwenye huruma na maskini wake wa uchochoroni. Sasa imeundwa Kamati ya Utambuzi wa Wahitaji, kwa kifupi KAUWA, jina ambalo vijana wa kwaya walilipokea kwa furaha kubwa kuliko ilivyotarajiwa.

Chanzo cha yote kilikuwa mahubiri. Mchungaji Catherine alikuwa amehubiri juu ya siku ile kondoo watakapotengwa na mbuzi, kondoo wakiwa wale waliowalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi. Mahubiri yalichoma mioyo, ingawa si kwa namna moja. Lesian, ambaye ana mbuzi themanini kule Olmotonyi, alitoka akilalamika kwamba mbuzi kaonewa. Wengine walilia. Siku hiyohiyo washarika wakapitisha kwa kauli moja kwamba mabati kumi na manne yaliyobaki kwenye ujenzi wa ukumbi wapewe maskini. Hapo ndipo Mzee Kaanaeli alipoiona hatari. Mabati yakitolewa hovyo, yanaweza kumfikia mtu.

Katibu wa KAUWA alikuwa Ephraimu, mstaafu wa masjala. Miaka thelathini na mmoja ofisini hakuwahi kupoteza jalada, na kwa usalama zaidi hakuwahi kufungua hata moja. Aliamini kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea, na lililoandikwa halifutiki hata kwa dawa. Alipokabidhiwa daftari jipya la maskini, lenye mistari iliyonyooka na jalada gumu la kijani, alilifunika kwa nailoni usiku huo huo ili lisishike vumbi.

Kanuni ziliandikwa kwa wiki tatu, kwa msaada wa chai na sambusa. Rasimu ya kwanza ilimtaka maskini ataje mali zake, lakini Mwenyekiti alikifuta kifungu hicho haraka, kwa kuwa fomu ya mfano ilitakiwa kujazwa na yeye mwenyewe. Badala yake akatunga Kanuni ya Nne, ambayo aliipenda kama mtoto wake wa mwisho: maskini ni yule atakayetamkwa kuwa maskini, kwa sauti ya kusikika, na washarika watatu, kutoka mioyoni mwao, bila kuombwa. Akishatamkwa, ametamkwa. Hakuna rufaa.

"Tunataka maskini wa uhakika," alisema. "Siku hizi kuna maskini wengi wa mchongo."

Kanuni ya Saba ilisema maskini hatashika ofisi wala ufunguo wowote wa usharika, ili kuepusha mgongano wa maslahi. Kanuni ya Kumi na Moja ilieleza namna ya kutoka kwenye daftari, lakini hiyo waliipitisha bila kuisoma, sambusa zilipoanza kupoa.

Kanuni zilifanya kazi vizuri sana. Miezi saba ikapita, na hakuna maskini hata mmoja aliyepatikana. Mabati yalikaa stoo chini ya kufuli, ufunguo ukining'inia kiunoni mwa Mwenyekiti.

Tatizo, kama lilikuwa tatizo, lilikuwa Naisiae. Mama huyu mjane alikuwa akifulia watu nguo na kulea wajukuu wawili katika chumba kimoja chini ya kilima cha kanisa. Upepo uliondoka na paa lake mwezi uleule kamati ilipoundwa, akabaki na turubai la kuazima. Sasa ilikuwa Machi. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu tangu Jumatano, masika ilikuwa imeshapiga hodi, na mjukuu mdogo tayari alikuwa anakohoa kifua. Kila aliyekuwa na macho alijua Naisiae anahitaji mabati. Lakini hakuna aliyewahi kumwita maskini. Hakuwa na sura hiyo.

"Shikamoo, Katibu," alimwambia Ephraimu nje ya kanisa.

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuzuri. Siku hizi tunahesabu nyota tukiwa kitandani. Mdogo kafika mia mbili."

Ephraimu akacheka kabla hajajizuia. Sia, kiongozi wa wanawake, aliyekuwa karibu, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. "Naisiae bwana! Mwanamke jembe wewe!"

Ephraimu akainamisha kichwa. Alikuwa amekaa na kalamu mkononi akisubiri lile neno, na badala yake likaja jembe. Jembe halikuwa na safu katika daftari.

"Mama," akamnong'oneza, "kwani huwezi hata kuugulia kidogo? Keti pale kwenye ngazi. Shika tama."

"Nishike tama na nguo za watu nimeziloweka? Kwani wewe mwenyewe, baba, huwezi kulisema hilo neno?"

"Katibu hapigi kura. Na ukiomba, kura inaharibika."

"Basi sijaomba," alisema Naisiae, akaenda zake kufua. Ephraimu aliona aibu. Ilikuwa aibu ya kweli, na kwa kuwa hakujua aiandike wapi, alienda nayo nyumbani.

Jumapili iliyofuata walikuja wageni kutoka jimboni kuyaona mafanikio ya KAUWA. Baada ya ibada kulikuwa na mnada kama kawaida, sadaka za waumini zimepangwa uwanjani: kuku, mikungu ya ndizi, mayai, ndoo kubwa ya maziwa mgando, na beberu jeusi la Lesian. Mzee Kaanaeli, ndani ya suti ya rangi ya krimu, alipanda juu ya kreti la soda. Lesian, kwa kukosa mti wa karibu, alikuwa amelifunga beberu lake kwenye kreti hilohilo.

"Ndugu wageni," alianza Mwenyekiti, "nilipokabidhiwa kamati hii, maskini wa usharika huu walikuwa hawana idadi. Leo idadi ipo. Ni sifuri!"

Wageni wakapiga makofi. Beberu halikuwa limezoea makofi. Likaruka, likatimka kuelekea barabara ya lami, na kreti likalifuata. Mwenyekiti hakulifuata kreti. Alibaki angani kidogo, akiwa bado ameinua kidole, kisha akashuka kwa makalio ndani ya ndoo ya maziwa mgando. Suruali ilipasuka kuanzia mahali inapoanzia mpaka mahali ambapo mzee wa kanisa hatakiwi kuonekana.

"Mzee kaula wa chuya!" kijana mmoja wa kwaya akapaza sauti, lakini hiyo haikuandikwa.

"Maskini!" Sia alilia, mikono kichwani.

"Jamani, maskini mzee wa watu!" akadakia mpiga kinanda.

"Aisee, maskini," alisema Lesian, akihema kwa kumkimbiza mnyama. "Ila beberu ni zima."

Kisha uwanja mzima ukalipuka: maskini, maskini, maskini ya Mungu! Ni Naisiae peke yake ambaye hakusema kitu. Alijivua khanga ya mabegani, akamfunga nayo Mwenyekiti kiunoni, akamwinua kutoka kwenye ndoo kama anavyoinua shuka zilizolowa.

Ephraimu alikuwa ameshafungua daftari. Hakulifungua kwa ubaya. Mkono wake uliozoea masjala ulikwenda wenyewe, na alipoutazama ulikuwa umeshaandika: Namba 1. Kaanaeli. Saa tano na dakika ishirini asubuhi. Waliotamka: watatu, na wengine takribani mia mbili.

"Ephraimu, acha utani," alisema Mzee Kaanaeli ofisini, akiwa bado ndani ya khanga.

"Utani ningeuandika kwa penseli, Mwenyekiti. Tena samahani, si mwenyekiti. Kanuni ya Saba. Naomba na ufunguo."

"Mimi nina fremu sita za maduka pale Levolosi!"

"Fremu tulizifuta kwenye rasimu."

"Nakata rufaa!"

"Ulisema hakuna. Maji yamemwagika, mzee wangu."

Wakaenda kwa Mchungaji Catherine. Mchungaji aliwasikiliza kwa makini, akageukia dirisha, akakohoa kwa muda mrefu sana mabega yakimtikisika, kisha akasema mambo ya kamati ni ya kamati.

Wiki hiyo utaratibu ulifuatwa. Umoja wa wanawake ulimtembelea Maskini Namba Moja nyumbani kwake, nyumba ya vyumba tisa, ukiwa na kilo ya sukari na kipande cha sabuni. Waliimba. Walimwombea apate kazi. Sia alikagua jiko na kumwuliza mke wa mzee, kwa upole wote, kama watoto wanakula mara ngapi kwa siku. Mama wa nyumba alisema mtoto wa mwisho anamalizia udaktari. Sia akampa pole.

Alhamisi Ephraimu alifika na fomu. "Mabati kumi na manne ni yako kwa mujibu wa kanuni. Weka sahihi hapa."

"Ephraimu! Mimi nayauza mabati!"

"Hata hivyo umeyapata."

Mzee Kaanaeli akaketi. Alikuwa amepungua kidogo. Wateja dukani walikuwa wameanza kumwambia abaki na chenji yao, amwachie Mungu. "Natokaje kwenye hili daftari?"

Kwa mara ya kwanza tangu iandikwe, mtu akaisoma Kanuni ya Kumi na Moja. Ilisema maskini ataondolewa akileta shahidi mmoja aliyepokea kitu kutoka mkononi mwake mwenyewe.

"Mmoja tu?" Mzee akacheka. "Nitakuletea mia." Akaita wafanyakazi wa dukani. Wakasema mishahara yao huingia kwa simu. Akamwita mkewe. Mkewe alifikiri sana, akaangalia dari, akasema kuna mwaka alipewa kitenge, lakini kililetwa na dereva.



"Nitoe nini sasa?" aliuliza mzee.

"Chochote ulicho nacho," alisema Ephraimu, akifunua kurasa. "Kumbukumbu zinaonyesha una mabati kumi na manne."

Ijumaa asubuhi Elerai yote ilimwona. Gari halikuruhusiwa, kwa kuwa gari si mkono, na kibarua alikuwa na mikono yake mwenyewe. Mzee Kaanaeli alishuka kilima cha kanisa mpaka kwa Naisiae na mabati mawili kichwani, akarudi, akashuka na mengine mawili, mara saba, Ephraimu akimfuata nyuma na daftari. Watoto walihesabu safari kwa sauti.

"Haya mama," alisema mzee akitweta, "umepokea. Weka sahihi."

Naisiae alikagua rundo lile. "Nimepokea mabati, baba. Paa bado sijalipokea. Na mvua ile pale."

Kweli, Meru ulikuwa hauonekani tena. Mzee akatazama juu, akatazama fomu, akapanda ngazi. Alikuwa ameuza nyundo miaka ishirini na sita bila kujua zina tabia gani. Ya kwanza aliyoishika ilimpiga kidole gumba. Ephraimu alimshikia misumari, kisha akaweka daftari chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akashika ncha ya pili ya bati. Lesian, aliyekuwa akipita na mbuzi, akapanda naye. Msumari wa mwisho uliingia matone ya kwanza yakianza kugonga bati, na chini yake wajukuu wawili wakapiga kelele za furaha kwa sababu hakuna tone lililowafikia. Ephraimu alisikia zile kelele, akalazimika kufuta miwani yake.

Waliingia ndani wote, wamelowa. Ephraimu akatoa kalamu. "Mama Naisiae, unathibitisha kwamba huyu si maskini?"

Naisiae alimtazama mzee: suti ya pili imeharibika, kidole kimevimba, midomo inatetemeka kwa baridi.

"Ngoja kwanza ale," alisema. "Mtu ana njaa, nitamthibitishaje?"

Akamchotea loshoro, mahindi na maziwa mgando, bakuli lililojaa mpaka ukingoni. Mzee Kaanaeli alikula bila kunyanyua kichwa. Na kwa kuwa alikuwa bado hajaondolewa daftarini, Ephraimu alijaza safu ambayo kwa miezi saba ilikuwa tupu: Maskini waliolishwa, mmoja. Aliyelisha, Naisiae.

Mzee akanyoosha bakuli tena. Naisiae akamwongezea, wala hakumwuliza fomu.