Vidonge vya Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi
Hospitali kuu, mkutano na madaktari. Mimi nauza dawa ya vidonda vya tumbo. Mwanyumba, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, anauza ya kampuni nyingine kwa ugonjwa huohuo. Ijumaa Daktari Mkuu atachagua moja tu! Leo kakisifu kipeperushi cha mwanyumba. Mbele yangu! Kipeperushi chenyewe kimepooza, eti dawa "huwasaidia baadhi ya wagonjwa". Nani ananunua baadhi? Changu kinang'aa: TISA KATI YA KUMI WALIPONA! Wivu? Mimi? Thubutu! Tumbo tu linawaka.

Jumanne, 5 Machi
Kwa mama mkwe. Ana vidonda, anakunywa dawa ya nani? Ya mwanyumba! Kasema imemrudishia hamu ya kula, na kwamba mkwe wake mdogo ni mtu wa maana. Mimi je, gogo? Nikampa kipeperushi changu. Akafutia miwani.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimemtega mwanyumba! Nimemnong'oneza Daktari Mkuu kwamba kuna watu hudanganya kwenye vipeperushi, asome maandishi madogo ya chini, kisha autafute utafiti wenyewe. Sikumtaja mtu. Nilikohoa tu mwanyumba alipopita. Daktari kanishukuru sana, kasema atavikagua vyote. Vyote! Nimetoka kifua mbele.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu, aibu! Daktari Mkuu kasimama na karatasi mkononi. Utafiti wa mwanyumba: watu mia nane, kila neno sawasawa. Wangu: kumi. Ukumbi ukaguna. Akaongeza kwamba hao kumi walikuwa sungura. Nikainuka kuwatetea, nikasema tisa walipona kweli. Daktari mmoja akauliza huyo wa kumi anaendeleaje. Walicheka mpaka wauguzi mlangoni. Dawa ya mwanyumba ikachaguliwa. Naye akanipa pole, mnafiki mkubwa, akanipa na lifti hadi nyumbani! Mke wangu kaniuliza iwapo ningethubutu kumpa mama yake dawa yangu. Nikajifanya navua viatu.

Jumamosi, 9 Machi
Tumbo moto! Nimejifungia chooni, nimemeza vidonge viwili vya mwanyumba. Limetulia. Inaudhi sana. Akili nayo ikarudi, kosa nikaliona. Mbio kwa mchapishaji. TISA KATI YA KUMI ibaki palepale, tena kwa rangi ya dhahabu. Yale maandishi ya chini ayapunguze mpaka yafanane na vumbi. Mwanyumba safari hii atanikoma!