Benchi la Watumishi wa Afya

Jumanne, 10 Agosti 2021

Shajara, niwie radhi. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Wino mweusi uliniishia, nami siandiki kwa wino wa bluu.

Leo nimekwenda kituo cha afya kuchanjwa Korona. Koti jeupe, mabuti, kama inavyompasa afisa mifugo wa Mshangano mwenye miaka thelathini kazini. Nesi Aurelia akaniamkia vizuri, akauliza umri. Hamsini na minane. "Karibu, baba. Kaa benchi la wazee, unachanjwa sasa hivi."

La wazee! Nikamwambia mimi ni mtumishi wa afya. Akasema, kwa upole, kwamba orodha yake haina watu wa mifugo. Lakini ina Thadei! Thadei, mlinzi wa geti, ambaye kazi yake ni kufukuza mbuzi wasile maua ya kituo. Mbuzi haohao ninawatibu mimi! Thadei, aliyekaa benchi la watumishi wa afya, akasogea kana kwamba ananipisha, kisha akarudi palepale. "Samahani, mzee. Hapa ni sisi wa afya."

Nimeondoka bila chanjo. Kwa heshima.

Mke wangu, Notburga, alichanjwa Ijumaa kwenye benchi hilohilo la wazee. Hakufurahi niliporudi hivyo. Amesema mwezi uliopita alimzika kaka yake kwa ugonjwa huu, na hayuko tayari kumzika mume kwa sababu ya benchi.

Alhamisi, 12 Agosti

Barua kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo. Kurasa nne. Nimemweleza nani huchanja mbwa ili watu wasipate kichaa. Nani huikagua nyama kabla haijafika sufuriani. Nani aliingia mazizini mwaka mzima huku wengine wakiogopa hata kupeana mikono. Aurelia ameipokea. Akaongeza kwamba benchi la wazee lilikuwa tupu. Nimelitazama tu.

Thadei, getini: "Shikamoo, daktari wa kuku!" Nimeitikia marahaba. Adabu ni adabu.

Barua peke yake haitoshi. Jumapili ni Kupalizwa Bikira Maria, na jumuiya yetu imeagiza ng'ombe. Jumamosi sitakwenda machinjioni. Bila muhuri wangu nyama haitoki. Hapo watajua nani ni muhimu!

Jumamosi, 14 Agosti

Nyumbani, muhuri mfukoni. Asubuhi na mapema mchinjaji, Abdulswamadu, akapiga simu: ng'ombe yuko kwenye ndoano, mzee uko wapi? Nimemshauri awaite watumishi wa afya. Akakata simu. Sijawahi kunywa chai tamu namna hiyo.

Saa nne Notburga akaingia na ndoo ya nyama. Ina muhuri! Abdulswamadu alimwita Dorine, afisa mifugo wa Mpitimbi, naye akaja kwa pikipiki. Mimi ndiye niliyemfundisha kukagua maini. Nimeikagua nyama upya, nikitafuta kosa. Hakuna. Nimefurahi, kinyume cha mpango.

Jumatatu, 16 Agosti

Ushindi! Barua imekubaliwa! Mganga mfawidhi ameamua kwamba wakaguzi wa nyama wachanjwe pamoja na watumishi wa afya. Koti jeupe. Mabuti. Mbio.

Aurelia akafungua orodha mpya. Akaeleza kwamba majina yamenakiliwa kutoka kitabu cha machinjio, ukurasa wa Jumamosi. Aliyesaini siku hiyo ndiye aliyeandikwa. Jina ni moja. Dorine. Tayari alikuwa ameketi benchi la watumishi wa afya, mkono wa shati umekunjwa. "Shikamoo, mwalimu. Asante kwa barua."

Aurelia akasema sindano ni ileile, na mkono wangu ni uleule. Thadei akalipangusa benchi la wazee kwa kofia yake. "Karibu, mzee. Nimekufutia vumbi."

Nimetoka. Moyo mweupe kabisa! Kazi yetu imetambuliwa, na ni kwa barua yangu.

Notburga akaniuliza kama sasa nimechanjwa. Nimemjibu kwamba tumeshinda.

Nimekwisha kuandika rufaa, kurasa saba. Na ili isicheleweshwe, kesho naanza mgomo wa wiki nzima, maana kosa la ule wa kwanza lilikuwa ufupi. Mganga mfawidhi akishaamua, nitaketi hapa nikueleze yote.