Kirungu Nilichokipiga Tupa

Jumatatu, 4 Machi

Dada amepata kazi! Hospitali ya ng'ambo ya mpaka inakarabati chumba chake cha kufulia. Kwa miezi sita shuka zote za wodini atafua yeye, kwenye tela lake lenye mashine tatu. Sharti moja tu: Ijumaa saa mbili asubuhi tela liwe uani kwao, la sivyo wanamwita wa pili kwenye orodha. Kazi ya namna hii ameisubiri tangu shemeji afariki. Nikamwambia asihangaike, gari lipo. Akaguna. Akasema alifikiria kumwomba Fundi Pole, mchomeleaji wa mtaani kwetu, mwenye kilori kinachokohoa kila kikiona mlima.

Fundi Pole! Na mimi nina pikapu kubwa kuliko zote mtaani! Imetengenezwa nchi ya watu wanaovuta nyumba zao wakienda likizo. Tangu niinunue imebeba madebe ya rangi tu, kutoka dukani ninakofanya kazi hadi kwa wateja. Nimemwonyesha dada kitabu chake: inavuta elfu kumi na tatu. Tela lake halifiki tani tatu. Amekubali, ila si kwa furaha niliyoitegemea.

Jumanne, 5 Machi

Fundi Pole amekuja dukani kununua brashi. Akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama elfu kumi na tatu ni kilo au ratili. Nikamjibu ni elfu kumi na tatu. Akasema huko ilikotoka wanapima kwa ratili, tena wanaipandisha mlima na mzigo waone inahemaje. Huku kwetu kinachohesabiwa ni kile kilichoandikwa kwenye kadi ya gari, basi. Nimetazama kadi. Tani tatu na nusu! Gari lilelile limevuka bahari likapungua nguvu kama mtu aliyeugua njiani.

Bado zinatosha. Lakini kuumbuliwa mbele ya wateja kumeniuma.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nyuma ya pikapu kuna kirungu cha chuma. Mbele ya tela kuna kikombe cha chuma kinachokifunika kirungu na kujifunga. Leo kikombe kimegoma. Kimekaa juu ya kirungu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba yake. Nimekirukia mara sita, nimepoteza kisigino cha kiatu. Fundi Pole akaja na kipimo chake. Kirungu changu ni cha inchi mbili, yaani milimita hamsini nukta nane. Kikombe cha tela ni cha milimita hamsini kamili. Nchi mbili zimeshindwa kuelewana kwa unene wa kucha!

Akasema anacho kirungu cha hamsini karakana kwake, nikichukue tu, kukifunga ni dakika ishirini. Dada akamshukuru. Akacheka naye, meno yote nje. Mimi wa tumbo moja naye sijayaona meno yale tangu mwaka juzi. Nikasema asante, ninacho kingine nyumbani.

Sina. Nina tupa. Nimesugua kuanzia saa tisa hadi jua linazama. Kirungu kimepata umbo la yai, lakini kikombe kimefunga. Ka! Nimemwambia dada nimebadilisha. Ni uongo, najua, lakini hauzidi milimita moja.

Alhamisi, 7 Machi, asubuhi

Nimepanga mzigo. Kitabu cha pikapu kinataka angalau sehemu ya kumi ya uzito wa tela ilalie kirungu. Kwa hesabu yangu, karibu kilo mia tatu. Karatasi ya tela, ya nchi nyingine kabisa, inasema zisizidi mia. Nani mkweli? Ningemuuliza Fundi Pole. Sikumuuliza. Nimechukua wastani: mashine mbili mbele, ya tatu nyuma kabisa mlangoni. Kila nchi imepata haki yake.

Kisha mambo ya usalama. Nchi moja inataka minyororo ya kufungia tela kwenye gari, haina habari na waya. Nyingine inataka waya wa kukaza breki za tela likichomoka, haina habari na minyororo. Nimeviacha vyote viwili. Tukiulizwa huku, sisi ni watu wa kule. Tukiulizwa kule, sisi ni watu wa huku. Dada amekaa kiti cha mbele, amevaa gauni lake la kanisani. Tunaondoka!

Siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni

Sijui nianzie wapi. Njia nzima tela lilikuwa linatikisa mkia. Dada akauliza mbona linacheza. Nikasema upepo. Hata jani halikuwa linatikisika. Tulipolipanda tuta la mwisho kabla ya lango la mpaka nikasikia, ka! Gari likawa jepesi ghafla. Nikafurahi, nikadhani ni injini imechangamka. Nilipokanyaga breki kwa ajili ya lango, tela likatupita kwa upande wa dirisha langu. Dada akasema, taratibu kabisa, kwamba lile tela linafanana na lake. Lina hata ile kamba ya nguo aliyoichora shemeji ubavuni.

Likapita chini ya kizuizi kilichokuwa wazi, likaingia nchi ya pili, likalala mtaroni. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Ile mashine ya mlangoni ilitoka yenyewe, ikapasuka. Mkaguzi wa mpakani ameandika kwamba tela limevuka mpaka bila dereva. Akakitazama kirungu changu muda mrefu, akauliza umbo hili ni kipimo cha nchi gani.

Dada hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikaa ukingoni mwa barabara na kile kioo cha mviringo cha mlango wa mashine mapajani, akikifuta vumbi. Kisha akaomba simu yangu, akampigia Fundi Pole.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi Pole alifika jana alfajiri na kilori chake, kirungu cha hamsini, minyororo na waya. Vyote! Saa mbili kasoro dakika tano tela lilikuwa uani hospitalini. Lakini mashine mbili zilizobaki mabomba yake yamekatika, na shuka za vitanda arobaini zilikuwa zinangoja. Dada akaomba mabeseni.

Amefua kwa mikono jana kutwa na leo kutwa. Nimeiona mikono yake. Imevimba, imekunjamana, kidole kimoja kinatoka damu. Ni mikono ileile iliyonifulia sare za shule mama alipotutoka, naye mwenyewe alikuwa binti tu. Nikachukua shuka moja nianike. Akanipokonya. Akasema ananipenda, mimi ni mdogo wake na sina wa kunibadilisha, lakini nisimsaidie tena. Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana sijala tangu mchana.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nina ukoo mzima.

Alhamisi, 14 Machi

Fundi Pole amezifufua mashine mbili. Ya tatu ndiyo basi tena, na theluthi ya shuka hospitali imempa yule wa pili kwenye orodha. Hilo ni langu, na nitalibeba. Nimemwungamia dada habari ya tupa. Akasema anajua: shati langu la Jumatano ya wiki iliyopita alilikuta juzi kwenye kapu la nguo chafu, limejaa unga wa chuma. Bado ananifulia mashati! Nikalia kama mtoto. Akanitaka niape kwamba sitavuta tena tela la mtu yeyote, liwe lake, liwe la jirani. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo wangu wote.

Mchana bwana mkubwa wa hospitali ameagiza tela lihamishwe, kutoka langoni hadi nyuma ya jiko, kwenye bomba la maji. Hatua sitini, kamlima kadogo tu. Dada amesema litamngoja Fundi Pole Jumamosi. Siku mbili nzima! Na yeye awe anabeba ndoo za maji uwanja mzima, kwa mikono ile? Kaka gani atakaa anatazama? Nimekwenda kuipima bampa ya mbele ya pikapu. Ni nene, tena iko sawa kabisa na mgongo wa tela. Nimeapa kutovuta. Nimepekua sheria za nchi zote mbili, ukurasa kwa ukurasa, na kuhusu kusukuma hakuna hata moja iliyosema neno.